Kaburi Fupi la Falaj Sidra

Saa nane mchana Msellem angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na Mkaguzi Marhoon hakuwa na shaka kwamba ndipo mahali pake. Kilichokosekana ni maiti tu. Kwa hiyo Jumatatu hiyo asubuhi yeye na Sajini Khawla waliyapa mgongo maduka ya magari ya Wattaya, wakashika barabara ya kusini kwenda Falaj Sidra, kijiji ambacho watu wa Maskati hukiendea Ijumaa kutazama kuta zilizochorwa na kusikiliza ngoma ya shamba. Wao hawakwenda kusikiliza kitu. Nyuma ya gari walipakia sepetu mbili.

Kesi yenyewe Marhoon aliiona nyepesi. Ghadeer, mchoraji, mkaazi wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos mjini Maskati, alikuwa na kawaida ya kwenda Falaj Sidra kila Alhamisi kuchora kuta za kijiji. Alhamisi iliyopita alikwenda, hakurudi. Gari lake lilikutwa Ijumaa limeegeshwa Wattaya, na Marhoon akasema muuaji amelirudisha mjini ili kuwapoteza. Halafu ikaja video. Mume wa Ghadeer, Khalil, alisema mkewe alimrushia Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na dakika kumi: Msellem, mpiga msondo wa kijiji, anapiga ngoma yake chini ya ukuta wenye picha, na nyuma ya simu inasikika sauti ya Ghadeer akicheka. Msellem alipokamatwa Jumamosi alishikilia mambo mawili tu. Ghadeer hakufika Alhamisi, na yeye Alhamisi hakugusa ngoma. Alipoulizwa kwa nini hakugusa ngoma, alinyamaza, na tangu hapo hakutoa neno jingine.

Basi mtu anakana kupiga ngoma aliyoonekana akiipiga. Marhoon alikuwa na miaka thelathini kazini na hakuwahi kuletewa mwongo rahisi namna hiyo.

"Sidi," Khawla alisema akiwa kwenye usukani, "simu yenyewe hatujaiona."

"Simu gani?"

"Ya mume. Tunayo video aliyokurushia wewe. Simu iliyoipokea hatujaishika. Na kampuni ya simu wanasema majibu yao mpaka Jumatano."

"Mtu kapotelewa na mke, Khawla. Nimwambie lete simu yako niipekue? Baba yake na baba yangu walipakana nyumba Unguja, wakaja huku ndege moja. Khalil ananiita ami tangu hajaota meno."

"Lakini si wa damu."

"Ndiyo maana naruhusiwa kuishika kesi."

Khawla aliangalia njia. Babu yake alirudi Oman kutoka Tabora, na Marhoon hakuacha siku ipite bila kumkumbusha. "Nyie watu wa bara mnapenda sana makaratasi," alisema.

"Na nyie wa Unguja mnapenda sana kujuana," Khawla akajibu, na hapo mazungumzo yakaishia.

Falaj Sidra ilikuwa nyumba arubaini hivi chini ya mlima, mfereji wa maji ukipita katikati yake. Hakuna ukuta uliokuwa mtupu. Wanawake wa buluu walibeba mitungi, mbuzi walipanda ngazi, watoto waliogelea juu ya milango ya watu. Marhoon hakuwa mtu wa picha, nyumbani kwake ukutani palitundikwa kalenda. Hata hivyo ukuta wa mwisho ulimsimamisha. Ghadeer aliwachora humo wachezaji wa ngoma ya lewa wamefanya duara, na katikati Msellem na msondo wake, ngoma ndefu ya kusimama inayomfika mtu kiunoni. Hakuacha hata doa. Ngozi ya ngoma ilikuwa na baka jeusi lenye kimkia upande mmoja, na Marhoon alilikumbuka baka hilo, kwani kwenye video mkono wa Msellem ulikuwa ukilipiga.

Mlangoni pa majlisi, chumba cha baraza ya kijiji, aliketi Suud, mpiga zumari, mzee mwenye mashavu makubwa na maneno machache.

"Ijumaa mlicheza?" Marhoon alimuuliza baada ya salamu.

"Hatukucheza."

"Wageni walikuja kutoka Maskati, mkawaambia mmealikwa harusi mji wa Sur."

"Ndiyo."

"Harusi ya nani?"

Suud alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nimepiga simu Sur," Marhoon alisema. "Hakuna aliyekualikeni."

"Basi hakuna."

"Kwa nini mlidanganya?"

"Muulize Bi Bakhita."

"Nakuuliza wewe."

"Na miye nakujibu."

Marhoon alimpita akaingia ndani. Majlisi ilinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, harufu ya nyama iliyokaa. Khawla aliziba pua kwa ncha ya mtandio. Pembeni, karibu na chetezo, msondo ulisimama umefunikwa blanketi la sufi juu mpaka chini, na nje joto lilikuwa la kukausha mate. Marhoon alipiga hatua moja kuuendea. Suud, ambaye hakuwa ameinuka hata kwa kumpokea mgeni, sasa alikuwa keshasimama katikati yao.

"Chukua chochote, bwana mkubwa. Hiyo usiiguse."

"Pana nini chini ya blanketi?"

"Ngoma."

Marhoon aliipima kwa macho. Mtu haingii humo. Aliiacha kwa wakati ule, ila akaandika kwenye daftari: blanketi, udi, harufu. Kisha alitoka akaizunguka majlisi, na huko nyuma alikuta jiwe pana lenye damu iliyokauka, nzi wamelisheheni. Khawla aliinama, akavaa glavu, akakwangua kidogo akatia kwenye kichupa. Kutoka kwenye jiwe, kinjia kilichokanyagwa na watu wengi kilikwenda moja kwa moja mpaka uani kwa Bi Bakhita.

Bi Bakhita alikuwa mama yake Msellem, na ndiye mkubwa wa ngoma ya kijiji. Bila ruhusa yake haipigwi, haichezwi. Mama yake yeye alitoka Pemba, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani ambacho Marhoon alikisikia kwa bibi zake. Walimkuta ameketi juu ya mkeka, kwenye jua kali, na hatua nne tu kutoka kwake palikuwa na kivuli cha ukuta. Marhoon aliuona mkeka, akakiona kivuli. Mtu mzima hakai juani saa tano za asubuhi bila sababu.

"Shikamoo bibi," alisema Khawla.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Mnamleta Msellem?"

"Bado," alisema Marhoon. "Bibi, nnakuomba uinuke."

"Kwani pana nini?"

"Nnataka kutazama chini ya mkeka."

"Chini ya mkeka pana mchanga."

"Nauona. Umechimbwa si zamani."

Uso wa Bi Bakhita haukubadilika, ila mikono yake iliukamata ukingo wa mkeka. "Ngojeni Maghribi," alisema. "Ikifika Maghribi ntakuelezeni kila kitu, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Sasa hivi siwezi."

"Maghribi ni mbali. Saa nane mwanao anafikishwa kwa mwendesha mashtaka kwa mauaji."

"Leo?"

"Leo."

Hilo hakuwa na habari nalo. Alimtazama Marhoon, akamtazama Khawla, na Marhoon aliona mtu anayetaka kusema na hasemi. Alijiegemeza kwa mkono, akanyanyuka kwa taabu, akaukunja mkeka wake. "Chimba basi," alisema. "Lakini miye sijasema neno. Mungu shahidi, sijasema neno."

Khawla alipiga picha kwanza, pande zote nne. Shimo lilikuwa fupi, halizidi urefu wa mkono. Marhoon alichimba mwenyewe, polepole, akijiambia kwamba mtu mzima hawezi kuzikwa kwenye shimo kama hili, na akijiambia pia kwamba kazini ameshawahi kuona mambo ambayo hayawezekani. Kwenye kina cha goti sepetu iligusa kitu laini. Alipiga magoti akafukua kwa mikono. Ikatokea bafta, nyeupe, safi, imekunjwa vizuri na kufungwa mahali patatu, juu, katikati na chini.

"Ya Rabbi," alisema Khawla. "Ni mtoto."

Marhoon aliacha kufukua. Wafu amewaona wengi, wa ajali, wa visu, wa baharini, lakini sanda ndogo ya kisirisiri nyuma ya nyumba ya ajuza hakupata kuiona, na hakutaka kuifungua. Alimtazama Bi Bakhita amwambie si hivyo. Bi Bakhita alikuwa akilia kimya kimya na kinywa amekifumba.

Alifungua fundo la juu. Akafungua la katikati. Bafta ilipolegea, ndani mlikuwa na ngozi ya mbuzi, kavu, ya duara, imepasuka toka ukingo mpaka ukingo, na kando ya mpasuko palikuwa na baka jeusi lenye kimkia.

Khawla aliachia kicheko kimoja cha mtu aliyeponea chupuchupu, kisha akakikata. Marhoon hakucheka. Aliishika ngozi ile mikononi na akili yake ilikuwa ikikataa kwenda mbele.

"Mmeshaona kwa macho yenu," alisema Bi Bakhita, na sauti ilimtoka yote kwa pamoja. "Mimi sikusema, mmeona. Sasa naweza. Ngoma ile ilipasuka Jumatatu ya wiki iliyopita, mwanangu anaijaribu. Jumanne tuliizika ngozi, tukachinja mbuzi pale jiweni, tukawamba mpya. Ngoma yetu ikipasuka haisemwi kwa mtu wa nje, siku saba tangu kuzikwa kwa ngozi, mpaka mpya ikauke ifukizwe. Anayeipiga ndiye wa mwanzo kutosema. Akisema, sauti hairudi. Hivyo ndivyo tulivyoachiwa. Siku ya saba ni leo, inaisha Maghribi."

"Msellem yuko tayari kufungwa kwa ajili ya ngoma?"

"Jumamosi alipoona gari lenu alinitazama, akaniuliza, niseme, mama? Nikamwambia usiseme. Nilidhani mke wa watu atarudi kwake, na mwanangu mtamwacha." Alijifuta uso kwa kanga. "Ni miye niliyemfunga. Na wewe."

Khawla alikuwa sajini mzuri, na sajini mzuri haruki hatua hata kama anamhurumia mtu. "Bibi, samahani. Nitajuaje kama mlizika Jumanne? Huenda mmezika Ijumaa, baada ya Alhamisi kupita."

"Uliza watu wa hapa."

"Watu wa hapa wameshatudanganya harusi ya Sur."

Khawla alichukua simu yake, akakaa juu ya sepetu, akaanza kutafuta picha ambazo wageni hujirushia wakitoka Falaj Sidra. Zilikuwa nyingi, zote nyuso zikitabasamu mbele ya kuta. Baada ya dakika kama tano aliinuka akamletea Marhoon simu. Ilikuwa picha ya mwalimu mmoja wa skuli ya Ruwi, Bashayer, aliyowapiga wanafunzi wake Jumatano, siku moja kabla ya Ghadeer kupotea. Nyuma ya watoto mlango wa majlisi ulikuwa umesahauliwa wazi. Ndani yake msondo ulisimama umetiwa kamba upya, na juu yake imewambwa ngozi nyekundu, mbichi, ambayo manyoya yake bado hayajakwanguliwa.

"Jumatano," alisema Khawla. "Na hii kapiga mgeni, si mtu wa kijiji."

Walirudi majlisini wote watatu. Bi Bakhita mwenyewe alilivuta blanketi. Ngozi ilikuwa ile ile ya kwenye picha, sasa imekwanguliwa, rangi ya tende, ukingo wake ungali na unyevu. Haikuwa na baka lolote. Marhoon aliitoa video ya Khalil, akaitazama kwa mara ambayo hakujua ni ya ngapi. Mkono wa Msellem ulikuwa ukipanda na kushuka juu ya baka jeusi. Ngozi iliyozikwa Jumanne ilikuwa ikipigwa Alhamisi saa kumi na dakika kumi.

Ngoma haifufuki. Video ilikuwa ya zamani, ya wiki tatu, ya miezi mitatu, Mungu ndiye ajuaye. Ghadeer aliipiga siku moja ya furaha, akamrushia mumewe, na mumewe akaiweka. Saa na tarehe hazikuwa ndani ya video. Zilikuwa kinywani mwa Khalil, naye Marhoon akazinakili kwenye jalada kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino, akapiga mstari chini yake. Mtu wa mjini hajui mambo ya ngoma za watu. Khalil aliona video ya Msellem akipiga msondo, na msondo kwake ni msondo, hauna ngozi ya jana na ngozi ya leo.

Basi Msellem alisema kweli. Hakugusa ngoma, na Ghadeer hakufika. Ghadeer hakutoka Maskati kabisa, na gari lake halikurudishwa Wattaya na mtu, kwa kuwa halikwenda popote. Siku nne polisi walizunguka mabonde ya kusini kwa sababu Khalil aliwaonyesha kidole kusini. Marhoon aliketi chini, pale pale kwenye mkeka wa majlisi, viatu miguuni, jambo ambalo katika maisha yake hakuwahi kulifanya. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke.

"Mwanangu alikwambia hakupiga," alisema Bi Bakhita akiwa amemsimamia. "Yule mwengine alikwambia nini mpaka ukamsadiki?"

"Alinionyesha video."

"Ukaitazama?"

"Mara nyingi."

"Na yeye ulimtazama?"

Marhoon alikumbuka kwamba Ijumaa alimkumbatia Khalil mlangoni, na mtu ukimkumbatia humwoni uso.

Aliinuka, akapiga simu kituoni. Alisema kwa ufupi, na sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. Msellem asitolewe kwenda kokote. Afunguliwe mlango, apewe chai, apewe na simu yake ampigie mama yake. Karatasi za kumwachia angezitia saini yeye, na maelezo ya kosa angeyaandika yeye vilevile, kwa jina lake. Bi Bakhita alisikia yote hayo. Alikaa karibu na ngoma yake, mkono mmoja juu ya ukingo, akasubiri simu ilie.

"Na Khalil?" aliuliza Khawla kwa sauti ya chini. "Twende kwake Madinat Sultan Qaboos?"

"Hayupo kwake."

"Yuko wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ofisini?"

"Nyumbani kwangu. Tangu Ijumaa analala kwangu. Tulisema asiachwe peke yake."

Marhoon alimwambia Khawla apige simu kituoni tena, watume gari mbili nyumbani kwake, watu wasio na sare, bila ya king'ora, dakika kumi hazizidi. Kisha akampigia mkewe, Buthaina. Simu iliita mara tano.

"Sema polepole," alisema Buthaina. "Nipo ukumbini."

"Khalil yuko wapi?"

"Huyu hapa, mbele yangu. Mama anamsomea Yasini. Maskini, hakulala usiku kucha, anazunguka tu. Mama kamwambia njoo ukae, kamshika kichwa."

"Kaanza zamani?"

"Sasa hivi tu."

Marhoon alifumba macho akapiga hesabu. Mama yake alikuwa na miaka themanini na nne, na hasomi kwa haraka, kila herufi huipa haki yake. Khalil amelelewa katika nyumba ambayo Marhoon anaijua. Anaweza kuwa amefanya alilolifanya, lakini hatainuka chini ya mkono wa mtu mzima anayemsomea.

"Buthaina, nisikilize, na usimtazame. Watoto wote wako skuli?"

"Wote."

"Toka kama unayekwenda jikoni, ukafungue geti, uliache wazi. Kisha rudi ukae upande wa mama."

Buthaina alikuwa mke wa polisi mwaka wa ishirini na sita na hakuuliza kwa nini. Marhoon alimsikia akivuta pumzi moja ndefu, na nyuma ya pumzi ile akaisikia sauti ya mama yake, nyembamba, tulivu, ikipanda na kushuka juu ya kichwa cha Khalil.

"Na mama nimwambie nini?" Buthaina alinong'ona.

"Usimwambie kitu. Mwache asome. Akimaliza kabla watu wangu hawajafika, mwombe aanze tena."